Jina refu la ukoo: nilifupishe kwenye maombi ya kazi?

Tukuyu_Asili: Wakuu, habari zenu. Jina langu la ukoo ni Mwakipesile. Tangazo linafungwa Ijumaa. Niandike lote, niandike "Mwaki" tu, au nilibadilishe kisheria kabisa?

Baba_Naima: Uko wapi mkuu? Serikalini au binafsi? Vyeti na kitambulisho cha taifa (NIDA) vinasomaje?

Mama_Pacha: Kama ni Tanzania, usiguse herufi hata moja. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la babu kwa kifupi, chuoni nikajaza lile refu. Nikaitwa kwenye usaili Dodoma, nikasafiri usiku kucha kutoka Mwanza kwa nauli ya kukopa. Kwenye meza ya kuhakiki vyeti nikaambiwa majina hayafanani, hati ya kubadili jina iko wapi? Sina. Saa mbili asubuhi niko nje ya geti, mtihani sikuuona. Hati nilikuja kuipata, nafasi imeshakwenda. Inaniuma mpaka leo.

Tukuyu_Asili: Pole sana dada. Samahani, sikusema: niko Leeds, Uingereza. Natuma maombi, kimya. Mzungu niliyesoma naye darasa moja anaitwa.

Mto_Sagana: Sisi Wakikuyu, mwaki ni moto.

Mzee_Rungwe: Mwanangu, hiyo "Mwa" inasema wewe ni wa uzao wa Kipesile. Ukiandika Mwaki umemkata babu katikati. Ukilazimika, andika Kipesile.

Baba_Naima: Mzee, kijana anatafuta mkate.

Mzee_Rungwe: Na mimi namtakia mkate. Aule kwa jina lake.

Dada_Reading: Ubaguzi upo. Utafiti uliotoka 2004, Boston na Chicago, ulituma CV karibu 5,000: majina ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Lakini walioachwa zaidi ni kina Lakisha Washington na Jamal Jones, majina ya kwanza ya Wamarekani weusi. Tazama hayo majina ya ukoo, ni ya Kiingereza! Kwenye CV fupisha ukitaka, ila fomu ya kuangalia rekodi za jinai inataka majina yote uliyowahi kutumia, na kabla hujaanza kazi mwajiri lazima ahakikishe una kibali. Jina lako la kwanza je?

Tukuyu_Asili: La Kinyakyusa vilevile.

Dada_Reading: Basi Mwaki itakusaidia nini?

Mto_Sagana: Kazi yenyewe ni ya nini?