Tupeane uzoefu: ulijua lini kwamba BWANA wa herufi kubwa kwenye Biblia ni jina?

Wakuu habarini. Naanza mimi. Bibi yangu alikuwa anasoma Biblia kwa kidole, na kila akifika kwenye BWANA anasimama kidogo ndo anaendelea. Nikamuuliza mbona hapa herufi kubwa, akanijibu hilo ni jina mjukuu wangu. Nikaja kuelewa sekondari, mwalimu alipoandika ubaoni herufi nne za Kiebrania za jina la Mungu, yod, he, vav, he, kutoka kulia kwenda kushoto, akasema Agano la Kale la Kiebrania linazo hizo zaidi ya mara 6,800. Nyie je?

Mama Eliya: Mimi ni kwa mwanangu. Tulimpa jina la babu yake tu, siku ya ubatizo mchungaji akatuuliza mnajua mnamwitaje? Eli ni Mungu wangu, Ya ni kifupi cha lile jina. Haleluya nayo ni hivyo hivyo, msifuni Yah. Toka siku hiyo nikimwita jina lake silikati.

Mwana wa Mwimbaji: Mie nimekua na Yehova, mama alikuwa kwaya. Niliumia kusikia kwamba zamani Kiebrania kiliandikwa bila irabu, na Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka wakawa wanasoma Adonai, yaani Bwana, baadae Wamasoreti, wale wanakili wa Kiyahudi wa Maandiko, wakaziwekea zile herufi nne irabu za Adonai kumkumbusha msomaji, halafu Wakristo wa Ulaya wakasoma vyote kwa pamoja ikatoka Yehova. Wasomi wengi wanaona Yahwe ndo iko karibu zaidi. Sawa, nimekubali, ila mama alikata roho anaita Yehova na naamini alisikiwa.

Niko Paris: Nimeziona hizo herufi kwa macho yangu hapa Louvre, kwenye jiwe jeusi la Mesha mfalme wa Moabu, adui wa Israeli, karne ya 9 KK. Mfalme anajisifu alivyoteka vyombo vya Yahwe. Yaani adui ndo katutunzia jina!

Dada wa Zamu: Mimi Kutoka 3:14, MIMI NIKO AMBAYE NIKO, ilikuwa hainiingii kabisa, hata nilipoambiwa jina linahusishwa na kitenzi cha kuwa. Mpaka mwanangu alipolazwa, umeme ukakatika usiku, giza wodi nzima, akaniita mama uko? Nikamwambia niko. Akalala.