Chanjo ya homa ya mafua: wa miezi 8 na wa miaka 4 mwenye pumu, niwachanje au nisubiri?

Ua_Jekundu

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaolijua jambo hili kwa undani, maana nikiuliza huku naambiwa "wachanje", nikiuliza kule naambiwa "mafua tu hayo". Watoto ni wawili. Mdogo ana miezi 8, ananyonya, mzima kabisa. Mkubwa ana miaka 4 na ana pumu. Anavuta dawa ya kuzuia kila siku, na mara ya mwisho kifua kutoa mluzi ni miezi 3 iliyopita. Wote wawili hawajawahi kupata chanjo ya homa ya mafua.

Kwenye maelezo ya Penta (ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) aliyopata mdogo nimeona neno influenza, je, si ndiyo hiyo hiyo tayari? Dozi ni ngapi kwa kila mmoja na zipishane vipi? Nasikia kuna ya sindano na ya kupuliza puani, ipi inawafaa? Mdogo anakaribia surua ya miezi 9, hazitagongana? Na linaloninyima usingizi hasa ni homa na degedege baada ya chanjo.

Kadi_ya_Kliniki

Dada, pole na mashaka. Nianze na Penta kwa sababu jina hilo limewapotosha wazazi wengi. Hiyo influenza uliyoiona kwenye Penta ni kinga ya Hib, yaani bakteria aitwaye Haemophilus influenzae aina ya b, anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Jina alilipata kwa makosa: mwaka 1892 Richard Pfeiffer alimkuta kwa wagonjwa wa homa ya mafua akadhani ndiye chanzo. Kirusi chenyewe cha binadamu kilikuja kutengwa maabara mwaka 1933, jina la bakteria likabaki lilivyo. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza Penta zote hana kinga yoyote ya homa ya mafua. Hizo ni chanjo mbili tofauti kabisa.

Dozi: mtoto wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza anapewa dozi mbili, zikipishana angalau wiki 4. Wako wote wawili wanaingia hapo. Watu wengi wanaishia dozi ya kwanza wakidhani kazi imekwisha, na hapo ndipo chanjo inapopewa lawama isiyo yake. Mwili wa mtoto ambao haujawahi kukutana na kirusi hiki unajifunza tu kwenye dozi ya kwanza. Dozi ya pili ndiyo inayopandisha kingamwili hadi kiwango cha kumlinda, na hata hapo inahitaji kama wiki 2. Piga hesabu: kutoka sindano ya kwanza hadi kinga kukomaa ni wiki 6 hivi. Anayesubiri mpaka nusu ya darasa la chekechea inakohoa amechelewa.

Chini ya miezi 6 haitolewi. Mtoto wa umri huo analindwa na mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, kwa kingamwili zinazopita kwenye kondo la nyuma.

Tabibu_Mtoto

Naongeza kwenye swali la sindano au puani.

Ya kupuliza puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Inaanza miaka 2, hivyo mdogo hahusiki. Kiasi ni mililita 0.2, nusu kila tundu la pua, haiumi, na watoto huipenda kwa sababu hiyo. Lakini kwa mkubwa ningeiacha: mwongozo wa Marekani unamtoa mtoto wa miaka 2 hadi 4 aliyetoa mluzi kifuani ndani ya miezi 12 iliyopita, na wako ni miezi 3 tu. Pia haifai kwa mtoto mwenye kinga dhaifu wala anayetumia aspirini.

Kwa hiyo kwa wote wawili ni sindano. Hiyo haina kirusi hai hata kimoja, ni vipande vya virusi vilivyouawa, na haiwezi kumpa mtoto homa ya mafua. Dawa ya kuvuta ya pumu isisimamishwe hata siku moja kwa ajili ya chanjo. Nasisitiza kwa sababu huwa naona watu wanaiacha "mpaka chanjo itulie", halafu kifua kinabana na chanjo ndiyo inashtakiwa.

Mahali pa kuchoma: mdogo ni pajani, upande wa mbele kwa nje. Mkubwa anaweza kuchomwa begani ikiwa msuli umejaa vya kutosha.

Kuhusu surua, ya sindano haigongani nayo. Zinaweza kutolewa siku moja au kwa kupishana siku zozote, ila ziwe sehemu mbili tofauti. Na angalia ratiba inavyokukubali: ukianza sasa akiwa na miezi 8, dozi ya pili inaangukia miezi 9, safari moja na surua. Ila uijue tofauti ya homa zake. Homa ya chanjo ya mafua huja ndani ya siku 1 hadi 2. Homa ya chanjo ya surua huja kuanzia siku ya 7 hadi ya 12, wakati mwingine na vipele. Andika tarehe kwenye kadi, homa ya siku ya 9 isije ikakushtua ukaanza kutafuta malaria peke yake au kulaumu sindano isiyohusika.

Mbili_hadi_Nane

Mimi kazi yangu ni kutunza chanjo, nisikilizeni kwenye kipengele hiki kinachosahaulika: chanjo yenyewe iwe nzima.

Inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selisiasi. Ikiganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana kama maji safi. Kosa la kawaida ni kichupa kilichowekwa kikigusa barafu moja kwa moja kwenye kibebeo, au kilichosukumwa mpaka ukuta wa nyuma wa friji ya nyumbani. Mzazi anayo haki ya kuuliza friji inapimwa joto mara ngapi kwa siku. Jibu zuri ni mara mbili, na kuna karatasi ya kuonyesha.

Halafu geuza boksi usome msimu. Chanjo hii hubadilishwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani (WHO) hutangaza aina za virusi mara mbili: Februari kwa msimu wa kaskazini, Septemba kwa msimu wa kusini. Kwenye boksi utakuta ama miaka miwili iliyounganishwa, ya kaskazini, ama mwaka mmoja na herufi SH, ya kusini. Nchi za karibu na ikweta hazina msimu mmoja ulio wazi, virusi huzunguka karibu mwaka mzima, hivyo kinachotakiwa ni toleo jipya zaidi lililopo, siyo kusubiri "majira ya baridi" yasiyokuwepo.

Usishangae ukikuta imeandikwa aina 3 wakati ya zamani ilikuwa na 4. Haijapunguzwa nguvu. Tawi la B liitwalo Yamagata halijathibitishwa kuzunguka tangu Machi 2020, kwa hiyo limeondolewa. Zimebaki A(H1N1), A(H3N2) na B Victoria.

Kiasi: nyingi za sasa ni mililita 0.5 kwa umri wote kuanzia miezi 6, lakini zipo ambazo kipeperushi chake kinasema 0.25 kwa walio chini ya miaka 3. Isomwe ya boksi hilo, isikisiwe. Mtoto akipewa 0.25 kwa bidhaa inayotaka 0.5, na kosa likagundulika kabla hajaondoka, anaongezwa nusu iliyobaki papo hapo. Likigundulika ameshafika nyumbani, anarudishwa apewe dozi nzima.

Na hili ni la hatari: bomba lililojazwa tayari dozi moja haligawanywi kwa watoto wawili, hata ukibadilisha sindano. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kurudi ndani ya bomba. Ukiona mtu anafanya hivyo, ondoka na mtoto wako.

Mizani_Sawa

Naomba niweke upande wa pili kwa haki, kwa sababu dada ameuliza kama aamue, na uamuzi unataka mizani.

Nchi hazikubaliani. Marekani ilianza kupendekeza chanjo kwa watoto wote wa miezi 6 hadi miaka 18 mwaka 2008. Uingereza ilianza mpango wa watoto wenye afya mwaka 2013, kwa ya kupuliza puani. Ujerumani imekuwa ikipendekeza kwa watoto wenye magonjwa sugu, siyo kwa kila mtoto mzima. Wote hao wanasoma tafiti zile zile. Wanachotofautiana ni kipaumbele cha fedha na mzigo wa ugonjwa.

Ufanisi nao unapanda na kushuka. Mwaka ambao virusi vimefanana na chanjo, hupunguza uwezekano wa kuugua mpaka kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Vikibadilika katikati ya msimu, unashuka zaidi. Na haizuii mafua ya kawaida ya rinovirusi wala RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa), ambayo ndiyo makamasi mengi ya watoto. Anayechanja akitarajia mwaka usio na makamasi atakasirika bure.

Kwa hiyo kama angekuwa mtoto wa miaka 7 mzima, ningesema ni jambo la hiari. Lakini watoto walioelezwa hapa ni mmoja wa chini ya miaka 2 na mmoja mwenye pumu. Hata Ujerumani huyo mwenye pumu angechanjwa.

Tabibu_Mtoto

Mizani, umesema vema, ila tutenganishe kuugua na kuugua vibaya. Utafiti wa Marekani wa misimu ya 2010 hadi 2014 uliangalia vifo vya watoto: chanjo ilipunguza hatari ya kufa kwa homa ya mafua kwa asilimia 65 kwa watoto wazima na 51 kwa wenye magonjwa sugu. Hiyo ndiyo sababu mimi nasema wachanjwe. Mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua siku tatu kitandani, na hilo si kushindwa kwa chanjo.

Degedege sasa. Homa yoyote, iwe ya sikio au ya mkojo, inaweza kuleta degedege kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kati ya watoto 100 wa umri huo, 2 hadi 5 hulipata angalau mara moja. Chanjo ya mafua ikitolewa siku moja na ya nimonia (PCV) hatari hupanda kidogo, kwa makadirio ya juu matukio 30 ya ziada katika watoto 100,000. Hofu yako haikutoka hewani, dada: mwaka 2010 Australia ilisimamisha chanjo ya mafua kwa watoto chini ya miaka 5 baada ya bidhaa moja kuleta homa na degedege kupita kawaida, na bidhaa hiyo ikaondolewa kwa umri huo. Mfumo wa kufuatilia ndio ulioigundua, ndani ya msimu ule ule.

Ikitokea, mlaze ubavu, usimwekee chochote mdomoni, tazama saa. Likipita dakika 5, hospitali mara moja.

Dawa_kwa_Kipimo

Parasetamoli usimpe kabla ya chanjo "kwa tahadhari". Subiri homa au maumivu yaje. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 8 ni miligramu 80 hadi 120. Dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, atapata mililita 4, ambayo ni 96. Pima kwa bomba la dawa, kijiko cha jikoni hakina kipimo. Na soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu matone ya watoto wachanga huwa makali zaidi ya dawa ya kawaida ya maji, na hapo ndipo watu wanapozidisha.

Aspirini usimpe kamwe mtoto mwenye homa ya mafua. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Mzio wa mayai siyo kizuizi tena. Kizuizi ni mzio mkali uliowahi kumpata kutokana na chanjo yenyewe. Baada ya sindano kaeni hapo dakika 15.

Kadi_ya_Kliniki

Hata akichanjwa, jifunze kuhesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa saa, siyo nusu dakika ukazidisha, maana watoto hupumua kwa kuruka. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ni kupumua haraka. Kifua kubonyea ndani anapovuta hewa, kushindwa kunyonya, kulegea au degedege, usisubiri asubuhi. Kwa mwenye pumu, dawa ya virusi ya oseltamiviri hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo mpeleke mapema hata kama bado anacheza.

Ua_Jekundu

Asanteni sana wote, nimeandika yote. Naenda wiki hii. Mawili yamebaki: mkubwa ana kamasi leo bila homa, niahirishe? Na ikitokea dozi ya pili ikapita wiki 4, tunaanza upya?

Kadi_ya_Kliniki

Kamasi bila homa haiahirishi. Kinachoahirisha ni homa kali au kifua kubana siku hiyo.

Haianzwi upya. Ikichelewa wiki 6 au 8, anapewa tu ya pili na kadi inaendelea, ila ujue muda wote huo kinga yake ni ya nusu njia. Kabla hujaondoka siku ya kwanza, waulize kama dozi ya pili ya toleo hilo itakuwepo, na uwaombe waiandike tarehe yake kwenye kadi, siyo kwenye karatasi ya pembeni. Mwakani, kwa kuwa watakuwa na mbili tayari, kila mmoja atahitaji moja tu.