Wanafunzi wanachanganya sura na vifungu vya Katiba

Mwalimu Jamii: Walimu wenzangu, nina darasa la Gredi ya 9, wanafunzi 45. Wanakariri sura zote 18 za Katiba ya Kenya ya 2010, lakini ukiuliza haki ya maji safi iko wapi, kimya. Wengine wanaandika "Sura ya 43". Nianzie wapi?

Chaki Nyeupe: Kosa ni kukariri kwa mfuatano. Namba za vifungu hazianzi upya kila sura. Zinakwenda 1 hadi 264. Kwa hiyo Kifungu cha 43 kimo ndani ya Sura ya 4, inayoshika 19 hadi 59. Chora mstari mrefu ubaoni, uweke mipaka ya sura. Kisha toa kadi za matukio: "polisi wamemzuilia mtu siku tatu bila kumfikisha kortini". Watafute sura kwanza, kifungu baadaye (49). Kadi 9, makundi ya watano watano.

Mama Somo: Naongeza: sura za 8, 9 na 10 zifundishwe pamoja, Bunge, Serikali Kuu, Mahakama. Ukizitenganisha kwa wiki, watasema Rais ndiye anayetunga sheria.

Chaki Nyeupe: Kweli. Na msisahau majedwali 6 ya mwisho! Jedwali la Nne ndilo linalowatatiza: chekechea ni kazi ya kaunti, shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa.

Mwalimu Jamii: Asanteni. Kesho naanza na mstari.