Mafundi, acheni kufuta Ubuntu za watu kila mnapobadilisha diski!

Wakuu, hili sasa limezidi. Mteja analeta laptopu yenye Windows na Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux), diski ya GB 256 imejaa, kanunua ya TB 1. Anarudishiwa Windows peke yake na kuambiwa Ubuntu "imegoma kuhama". Uongo mtupu! Inahama vizuri tu.

Kinachowashinda ni hiki. Fundi anakloni (ananakili) diski nzima kwa programu ya Clonezilla, mpaka hapo sawa. Akifungua GParted, programu ya kugawa diski, anakuta EFI (sehemu yenye faili za kubuti), C:, Ubuntu, halafu kipatisheni (kisehemu cha diski) cha kurekebishia Windows, na nyuma yake karibu GiB 690 tupu. Ubuntu haitanuki kwa sababu hicho kipatisheni cha MB mia kadhaa kimeziba njia. Basi, anafuta. Kwani nani kasema lazima itanuke pale pale ilipo? Tengeneza patisheni mpya ya ext4 (muundo wa faili wa Linux) kwenye ile nafasi tupu, Ubuntu ihamie huko.

Kabla ya kukloni, ingia Windows uandike powercfg /h off, maana Fast Startup huiacha NTFS (patisheni ya Windows) haijafungwa sawasawa. Mwenye BitLocker (kufuli la diski la Windows) awe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi. Ukimaliza kukloni, chomoa diski ya zamani. Zikibaki mbili zenye UUID (namba za utambulisho za patisheni) zilezile hujui umebuti ipi.

Sasa buti flashi ya Ubuntu kwa UEFI, ziunge patisheni zote mbili, ya zamani kwenye /mnt/zamani na mpya kwenye /mnt/mpya, kisha nakili:

sudo rsync -aAXH /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Mkwaju wa mwisho kwenye zamani/ usiusahau, la sivyo utapata folda ndani ya folda. Angalia UUID mpya kwa blkid, iweke kwenye mstari wa / ndani ya /mnt/mpya/etc/fstab (orodha ya patisheni za kuungwa wakati wa kuwaka). Mstari wa EFI usiguswe.

Halafu sehemu ambayo wengi hamuifanyi: kusakinisha upya GRUB, programu inayoiwasha Ubuntu. Unga EFI kwenye /mnt/mpya/boot/efi, kisha:

for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/mpya/$d; done
sudo chroot /mnt/mpya
grub-install
update-grub

Ni --rbind, si --bind, kwa sababu efivars (mipangilio ya kubuti ya UEFI) imeungwa ndani ya /sys na --bind haiibebi. Bila hiyo, grub-install itashindwa kuandika ingizo la kubuti. Kuanzia Ubuntu 22.04, kabla ya update-grub weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, la sivyo Windows itapotea kwenye menyu na mteja atadhani nayo umeifuta.

Ukiruka grub-install je? Ndani ya EFI kuna faili dogo, EFI/ubuntu/grub.cfg, mistari mitatu tu, na wa kwanza unatafuta UUID ya Ubuntu ya zamani. Siku ukiifuta hiyo ya zamani, laptopu inawaka na kusimama kwenye grub> kavu. Hapo ndipo mnaposema "imegoma". Haijagoma, imetumwa kwenye anwani isiyokuwepo!

Buti, andika findmnt / uhakikishe uko kwenye patisheni mpya, ndipo ufute ya zamani. Na mliokwisha kuwafutia watu: ile diski ya GB 256 bado ina Ubuntu yao nzima. Msiiformati, mrudishieni mwenyewe pamoja na hela yake.