UZI WA HASIRA: Nimeuziwa "i7" ya mwaka 2011 hapa mjini, na risiti imeandikwa "CPU moja"

Assalam alaykum wana jamvi.

Naandika nimekaa mbele ya kompyuta, sanduku la kioo lenye feni tatu za taa za rangi. Linawaka kama Forodhani usiku wa sikukuu, na halinifai kwa lolote. Milioni moja na laki mbili. Miezi minane ya kujinyima, na mie kazi yangu ni mapokezi ya hoteli huko kaskazini, sina kisima cha mafuta. Kwa hivyo lugha ikichafuka mtanisamehe.

Nilikwenda duka moja maeneo ya Darajani. Jina silitaji, msije mkanitia kesini. Nikamwambia mwenye duka, mtu mzima, kwa heshima zote: "Ami, nataka mashine ya gemu. Nicheze mpira, nicheze za magari, inivushe miaka minne mitano." Hakuniuliza bajeti, hakuniuliza nina skrini gani. Akanambia, "Chukua i7, mwanangu. i7 ndo mwisho, hapo huna pa kwenda tena." Akabonyeza swichi, taa zikaanza kuzunguka. Skufichieni, zile taa ndizo zilizonimaliza. Nikalipa, nikapanda daladala ya Fuoni nimelipakata sanduku kama mtoto mchanga, konda akanidai nauli ya watu wawili, nikampa huku nacheka.

Kufika nyumbani, mpira unakwama kila inapopigwa kona. Golikipa karuka, bao lishaingia, yeye bado yuko hewani. Nikashusha picha mpaka chini kabisa, nyasi zikawa kama busati, bado inakwama. Nikampigia simu. "Iache kwanza izoee." Wallahi ndivyo alivyonambia. Izoee! Kwani nimenunua mbuzi?

Ijumaa baada ya sala akaja mtoto wa mjomba, yeye mambo haya anayajua. Kaja na flashi yenye programu mbili za bure, CPU-Z ya kusoma prosesa na GPU-Z ya kusoma kadi ya picha. Hazikupita dakika mbili akanyamaza, akanitazama kama daktari anayetafuta maneno.

Prosesa, yaani ubongo wa mashine: Core i7-2600. Imetoka Januari 2011. Mwaka huo mie nilikuwa skuli ya msingi, bado navaa kaptura.

Sasa hapa naomba msome taratibu, maana mie mwenyewe sikuwa nalijua hili na ndilo lililonila. Jina "i7" lipo tokea 2008. Intel, wanaozitengeneza, wamelibandika vizazi 14. Ipo i7 yenye viini vinne, yaani bongo ndogo nne ndani ya prosesa moja, kama hii yangu, na ipo i7-14700K ya 2023 yenye viini 20. Zote ni "i7", kama vile fiberi ya kuvulia na boti ya Dar zote ni vyombo vya baharini. Kinachosema kweli ni namba inayofuata. Hii 2600, ile 2 ya mwanzo ndiyo kizazi: cha pili. Ukiona 12400, hicho ni kizazi cha 12. Hayo tu! Mtu anayeuza mashine kila siku hawezi kuwa halijui. Tena i3-12100F ya 2022, ile "i3" wanayoibeua madukani, ina viini vinne na nyuzi nane (kazi nane kwa wakati mmoja) sawasawa na i7 yangu, na inaiacha mbali kwa sababu kila kiini kinafanya kazi kubwa zaidi kwa pigo moja, na inatumia ramu ya DDR4, aina mpya zaidi, wakati yangu ni DDR3. i3 inampiga i7. Kamwambie hivyo mzee dukani uone atakavyocheka.

Na hata nikisema nibadilishe prosesa peke yake, nipandishe mpaka wapi? Soketi ya hii madabodi, yaani pale prosesa inapokaa, inaitwa LGA1155, nayo iliishia kizazi cha tatu, 2012. Hapo juu hakuna ngazi. Windows 11 nayo haiitaki, maana Microsoft kwa upande wa Intel wanaanzia kizazi cha nane na wanadai TPM 2.0, chipu ya usalama. Mashine nimepewa na Windows 10, na hiyo wameshaacha kuihudumia tokea tarehe 14 Oktoba 2025.

Haya, tuseme prosesa ni uzee, na uzee si dhambi. Kadi ya picha je?

Kwenye boksi iliandikwa GTX 1050 Ti, 4GB. GPU-Z imeandika neno FAKE mbele ya jina. Yaani programu yenyewe inapiga kelele. Ndani ni chipu ya GTS 450, kitu cha 2010, kilichoandikiwa jina la uongo kwenye kumbukumbu yake ili Windows ikiuliza "wewe nani?" ijibu uongo. Na nilikuwa nayo alama mbele ya macho tokea siku ya kwanza: nyuma ya kadi kuna tundu la VGA, lile la buluu lenye pini kumi na tano. 1050 Ti ya kweli haina VGA. Kizazi kile cha kadi za NVIDIA hakitoi kabisa picha ya analogi. Tena nikakumbuka alivyoninong'oneza wakati nabeba sanduku: "Mwanangu, dreva usiiapdeti, itaharibika." Nikamuona mkarimu, kanipa siri ya kazi! Kumbe dreva mpya ya NVIDIA, programu inayoiendesha kadi, ndiyo shahidi, ikiingia tu kadi inaumbuka.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kioo kipya, feni mpya, taa mpya. Pawa saplai imeandikwa wati 500 na ni nyepesi kama kopo la biskuti lililokwisha. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, maana umeme wetu mnaujua: unaondoka kimya kimya, ukirudi unarudi kwa kishindo. Mtu akiunga mashine hapa kisiwani aanze na pawa saplai ya maana na stabilaiza, ndo afikirie prosesa. Ile ya kopo siku ikifa haifi peke yake.

Jumamosi nikalirejesha sanduku. Nimesimama pale, wateja wamejaa, namuonyesha picha ya GPU-Z kwenye simu. Mzee hata miwani hakuvaa. "Umeifungua mwenyewe, garantii imeondoka." Nikamwambia, ami, sijagusa hata skrubu, programu ndiyo iliyosoma. "Programu za intaneti hizo, virusi." Kisha akaitoa karata yake: "Risiti inasemaje?"

Risiti inasema: CPU 1, i7. 1,200,000/=. Basi.

Na hapa ndipo damu iliponichemka, kwa sababu kwetu sote sanduku zima tunaliita CPU. Ukitaka prosesa yenyewe ukaomba "CPU" unaletewa boksi na waya wake. Kwa hivyo risiti yangu ni ya kweli tupu! Kaniuzia CPU, kimoja, na ndani mna i7. Kadi ya picha haikuandikwa kabisa. Kanambia kwa upole, mbele ya watu, "i7 ni i7 tu, mwanangu. Kama hutaki nakupa laki tano, niachie." Laki tano! Ndani ya siku tisa!

NYONGEZA, saa nne usiku

Nimesoma majibu yenu yote.

Mlioniandikia "wajinga ndio waliwao", ahsanteni, mama kashaniambia kabla yenu.

Aliyesema ningechukua Ryzen 7 7800X3D, prosesa ya AMD, wapinzani wa Intel: ndugu yangu, naijua, ni moto wa gemu. Lakini iko kwenye soketi ya AM5, na AM5 haipokei ramu nyengine ila DDR5. Nikishanunua prosesa, madabodi na ramu, nacheza kwenye skrini ya nani? Mtoto wa mjomba kanipigia hesabu nyengine. Ryzen 5 5600, viini sita nyuzi kumi na mbili, soketi ya AM4, ramu ya DDR4 vipande viwili vya GB 8, siyo kimoja cha 16, ili njia zote mbili za ramu zifanye kazi. Baadae nikipata 5800X3D ya mtumba naichomeka kwenye madabodi ile ile baada ya kuapdeti BIOS, ile programu ya madabodi yenyewe. Upande wa Intel, i5-12400F pia haina neno, ila ile F maana yake haina picha yake yenyewe, bila ya kadi utaangalia giza. Mwenye pesa ya mawazo kama mie sasa hivi achukue 5600G, ina picha ndani, mpira wa wastani unachezeka mpaka Mungu ajaalie kadi.

Mnaosema "nenda Kariakoo": nauli ya boti kwenda na kurudi, kulala, na huko nako hizo GTX zenye VGA zipo. Nikienda naenda na flashi mfukoni, na muuzaji asiyetaka niichomeke kabla ya kulipa, kwa heri.

Mwengine kanambia niende kwa wanaosimamia haki za mlaji. Nitakwenda Jumatatu. Ila nijibuni hili kwanza, hasa mliosoma sheria: risiti iliyoandikwa "CPU 1, i7" nitaitetea vipi?

Na anayelijua duka hapa Unguja linaloandika namba nzima ya prosesa na ya kadi kwenye risiti, aniandikie inbox. Hata likiwa Chake Chake, nitapanda meli.