Bafu jipya linanuka kuliko la zamani: nivunje tailizi au nisubiri?

BintiTabata
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa tena hela, maana mfuko umeshatoboka.

Nyumba ni ya mama, ipo Tabata, marehemu mzee aliijenga 2003. Mwaka huu tukaamua kuifufua. Mwezi wa tatu tuliezua bati zilizochakaa tukaweka mpya. Mwezi wa sita tukahamia bafu la ndani: choo cha kuchuchumaa kikang'olewa kikaja cha kukaa, sinki la kunawia likahamia ukuta wa pili ili mama asiwe analigonga kila akifungua mlango, tailizi mpaka juu, na feni ya kutoa hewa. Milioni mbili na ushee zimeteketea hapo.

Bafu limependeza, ila linanuka. Si mkojo, ni harufu ya karo, mayai viza kabisa. Na cha ajabu, nikiwasha feni ndiyo inakuja kwa nguvu. Mama siku hizi anatoka nje usiku kwenda choo cha wapangaji, na hilo ndilo linaloniuma.

Fundi anadai choo hakikukaa sawa juu ya bomba. Anataka avunje tailizi, akinyanyue, na chini yake aongeze pitrapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji, "ya kuzuia harufu". Laki nne na nusu, vifaa mbali. Nimkubalie?

Chapakazi
Karo limejaa hilo. Ita gari la majitaka, hayo mengine ni fundi anatafuta ulaji.

Kibonge wa Mtaa
Tundika naftalini mbili tatu, bi dada. Kwangu ilisaidia.

BintiTabata
Karo tulinyonya mwezi wa tano, na jana tumefunua chemba zote mbili, maji yanapita bila shida. Naftalini zipo. Sasa bafu linanuka karo na sanduku la bibi kwa pamoja.

Mzee wa Koki
Binti yangu, usivunje kitu kwanza. Mimi bomba nimefunga tangu enzi za mabomba ya chuma, na nikisikia fundi anataka kuweka pitrapu chini ya choo cha kukaa najua hapo kuna kubahatisha. Choo cha kukaa kimezaliwa na trapu yake tumboni. Yale maji unayoyaona kwenye bakuli ndiyo mfuniko wenyewe. Ukiongeza trapu ya pili chini, hewa inanaswa katikati ya maji na maji, mzigo unagoma kushuka, na mwezi haupiti mtakuwa mnazibua.

Nijibu matatu. Kile kitundu cha sakafuni chenye wavu, pale unapooga, ukiflashi choo maji yake yanafanya nini? Sinki likimwaga maji linatoa sauti? Na bomba la kupumulia, lile linalotokeza juu ya paa, lipo?

BintiTabata
Shikamoo mzee. Nimetoa wavu wa flo trapu nikamulika na tochi ya simu. Maji nikayatia alama pembeni kwa wanja wa mama (asijue). Nikamwambia mdogo wangu aflashi. Mzee, maji yalitikisika, yakatoa mapovu glo glo glo, halafu yakashuka kama yamevutwa na mtu chini. Baada ya mara tatu yalikuwa chini ya alama kwa upana wa vidole viwili. Nikasogeza pua. Sitarudia.

Sinki nalo linakoroma likimaliza kumwaga. Juu ya paa nimeangalia nikiwa uani, sioni bomba lolote. Ila nakumbuka zamani lilikuwepo, kunguru walikuwa wanatua pale.

Mzee wa Koki
Marahaba. Basi ugonjwa umeuonyesha mwenyewe.

Umewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja? Maziwa hayatoki, yanadondoka kwa kusitasita. Ukitoboa la pili upande wa pili, yanamiminika. Bomba la choo ni hivyo hivyo. Maji ya choo yakishuka kwenye inchi 4 yanasukuma hewa mbele na kuacha utupu nyuma. Utupu lazima ujazwe. Kama bomba la kupumulia halipo, hewa itavutwa pale penye upinzani mdogo, na hapo ni flo trapu, yenye maji ya kina cha vidole vitatu tu. Mfuniko ukishavutwa, hewa ya karo ina njia nyeupe mpaka chumbani. Na feni yako inamalizia kazi: inanyonya hewa ya bafu, mlango umefungwa, inaivuta ya kwenye bomba.

Tafuta lile bomba la zamani lilikoishia.

Nesi Mstaafu
Hilo la feni msilichukulie utani. Wakati wa ugonjwa wa mapafu wa SARS mwaka 2003, kwenye maghorofa ya Amoy Gardens kule Hong Kong waliugua watu zaidi ya 300. Wachunguzi walikuta flo trapu za bafu nyingi zimekauka, na feni za bafuni zilikuwa zinavuta hewa ya mabomba ya majitaka ndani. Wakati unasubiri fundi, mwaga ndoo ya maji kwenye hicho kitundu asubuhi na jioni na feni uizime. Mama abaki na choo chake.

Mswahili wa Leicester
Naunga mkono mzee, nafanya kazi hii huku Uingereza. Dada, toka sinki mpaka linapoungana na bomba kubwa ni mita ngapi, na ni bomba la inchi ngapi?

BintiTabata
Inchi moja na robo. Nimepima na futi kamba, kama mita 2.8.

Mswahili wa Leicester
Hapo pana kosa la pili, dogo. Kanuni za huku, bomba la milimita 32 la sinki bila venti yake, yaani bomba la kupumulia, mwisho mita 1.7. La milimita 40 linafika mita 3. Bomba jembamba na refu linajaa maji kipenyo kizima, na mkia wa maji unaondoka na mfuniko wa trapu. Ndiyo kule kukoroma. Fundi alipohamisha sinki alirefusha tu kilichokuwepo.

Usivunje tailizi kwa ajili hiyo. Kuna vali ndogo ya kuingiza hewa, inafungwa chini ya sinki, baada ya trapu na juu yake kidogo. Inafunguka bomba likivuta, inajifunga likitulia.

Chapakazi
Kama vali ipo, si aweke na ya choo yaishe? Kupanda juu ya bati ya nini?

Mzee wa Koki
Hapana. Vali inavuta pumzi, haitoi. Karo linachacha usiku na mchana, gesi yake inataka pa kutokea. Binti, karo lenu lina bomba lake la hewa?

BintiTabata
Halina, mzee. Na lile la nyumba tumelipata! Mdogo wangu kapanda darini leo. Bomba la inchi 3 linapanda ndani ya ukuta nyuma ya choo, linatokeza darini na limekatwa kwa msumeno, shubiri moja chini ya bati. Mdomoni limezibwa kwa mfuko wa salfeti na kufungwa mpira wa baiskeli. Mpira umeshakatika, mfuko umekaa upande. Ndiyo maana hata chumba cha mama kilikuwa kinanuka kupitia silingi bodi, tukadhani ni panya.

Mzee wa Koki
Fundi wa bati huyo. Hakutaka kutoboa bati mpya.

Liunge lipande mpaka nje. Tundu la bati litobolewe mgongoni, si kwenye bonde maji yanapopita, na livalishwe kola ya mpira. Lisiishie karibu na dirisha.

Mswahili wa Leicester
Kama kuna dirisha ndani ya mita 3, mdomo wa bomba uwe juu yake kwa sentimita 90 au zaidi. Na msiweke kofia ya kuziba kabisa.

Nesi Mstaafu
Wavu juu, tafadhali. Wa waya, nailoni jua litaumaliza. Mbu wa karo hao ndio wanatuimbia usiku.

BintiTabata
Mrejesho, wiki mbili baadaye. Fundi mwingine amekuja, nusu siku kamaliza. Bomba, soketi mbili za kuungia, kola, wavu, vali ya sinki na ufundi wake, jumla laki moja na elfu themanini. Hakuna tailizi hata moja iliyoguswa. Nimetia tena alama ya wanja, nimeflashi mara tano mfululizo, maji yametikisika kidogo na kurudi palepale. Sinki limenyamaza. Feni naiwasha na hakuna kitu. Mama amerudi chooni kwake na jana alikaa humo muda mrefu mpaka nikagonga.

Fundi wa bati nilimpigia. Anasema aliliona lile bomba halitoi maji wala haliingizi, akajua halina kazi.

Mzee wa Koki
Mpe namba yangu.