Tarumbeta ya Bach ya C ya zamani, Mount Vernon: ninunue au niache?

mpuliza_moshi
Wakuu habari zenu. Niko Minnesota, tarumbeta ya B flati nimepuliza tangu kwaya ya matarumbeta kanisani kwetu Moshi, sasa nimeingia okestra ya mtaani huku na nimechoka kupandisha kila nota toni moja kichwani nikipewa pati (karatasi ya nota) ya tarumbeta ya C. Kuna mzee anauza Bach ya C imechongwa jina Mount Vernon, anataka dola 2,600, rangi imebanduka pale pa kushikia ila haijabonyea. Naskia Herseth, mpiga tarumbeta wa okestra ya Chicago, na wenzake walipuliza hizo hizo. Nimpe hela?

pistoni3
Tulia kwanza kaka. Mount Vernon ndo kiwanda cha mtengenezaji Vincent Bach cha kuanzia 1953, 1961 akawauzia kampuni ya Selmer, baadaye kazi ikahamia Elkhart, Indiana, so hilo jina peke yake linapandisha bei hata chombo kikiwa hoi. Rangi achana nayo. We chomoa slaidi (kibomba cha kuvuta) ya kwanza taratibu bila kubonyeza pistoni, hesabu mpaka tano ndo ubonyeze, isipolia "po!" ujue hewa inavuja, rudia na ya tatu. Ila futa oili yake kwanza uweke yako nyepesi, kuna duka nilishauziwa tarumbeta imejazwa oili nzito ya kuficha uvujaji, nyumbani nikaiosha ikawa inapumua kama pancha. Pia mulika tochi bomba la kupulizia, ukiona vidoa vya waridi vyenye kitone cheusi katikati hiyo shaba inaliwa kutokea ndani. Bomba linabadilishika, ila wanaotaka za zamani wanataka bomba lake lenyewe.

dada_brasi
Mnaongelea mabomba tu, tyuni je?? C nyingi E ya juu, E flati na D zinashuka. Mi E naipiga kwa pistoni 1-2 badala ya wazi (bila kubonyeza), E flati 2-3, nishazoea. Nenda na mausipisi yako (kile cha mdomoni), na tyuna, kipimo cha nota, mpe mtu mwingine aangalie, ukiiangalia mwenyewe mdomo unaivuta nota juu bila kujijua halafu unasema tarumbeta nzuri 😂

mpuliza_moshi
Nimerudi. Ya kwanza ililia po, ya tatu kimyaaa, na oili yake ilikuwa kama asali pistoni3 ulijuaje. Tyuna nilimpa mke wangu, E iko chini kweli, kwa 1-2 ikakaa. Ila sauti jamani, ile G ya katikati nimeipuliza kidogo tu sebule ikajaa mpaka mbwa wa mzee akatoka nje. Nimemwambia 1,700, kakataa lakini kakubali Jumamosi twende wote kwa fundi.

pistoni3
Muulize fundi kuweka pistoni nikeli upya ni bei gani, hiyo ndo ukate kwenye 2,600. Na mbwa asikuongezee bei.